Waliomwogesha Mama

Fundi cherehani hakuwa na nia ya kusikiliza ya watu, lakini masikio hayana pazia, na wanawake wawili wa kiti cha mbele yake basini hawakunong'ona.

“Mimi nimechanganyikiwa, shangazi,” alisema binti mwenye sare ya uuguzi. Yeye na mama aliyemwita shangazi walikuwa wamejuana humohumo ndani ya basi. “Tangu nibatizwe naamka mapema, nasoma Neno, napiga magoti, lakini naona nazungumza na dari. Mama yangu alipopooza, kina mama wa kanisani walikuja kwa zamu kumwogesha. Mimi naogesha wagonjwa kwa mshahara, wao walifanya bure. Siku ile nililia, nikasema Mungu yupo. Sasa sijui nampenda Mungu au nawapenda wale kina mama.”

“Endelea kusali, mwanangu. Imani haikui kwa siku moja.”

“Nikisali bila kusikia kitu, si unafiki huo?”

“Kwani wao kila asubuhi walijisikia kuja?”

“Kumbe nao walijilazimisha?”

“Sikusema hivyo.”

“Umesema nini basi?”

Fundi, aliyeacha kusali zamani kwa sababu ya dari hiyohiyo, alijikuta ameinama mbele akisubiri jibu.

Basi likasimama.

“Hapa ndipo kwangu,” mama alisema, akishika kiti ili ainuke. “Hata mimi sijui, mwanangu. Ila kesho nitapiga magoti tena.”

Akashuka, akawaacha wote wawili wakimtazama dirishani.