Vikombe Vinne vya Jaffar Miguu

Mbele ya duka la Ramesh, si mbali na stesheni ya Ilford, pana benchi la mbao ambalo mwenye duka aliliweka ili wateja wazee wapumzike, na wazee wakapumzika moja kwa moja. Jumamosi asubuhi hulikosi lina watu. Mansour Breki, Mzanzibari, aliendesha basi mpaka akastaafu, na hadi leo mtu akikatisha barabara mbele yake mguu wake wa kulia hukanyaga chini wenyewe. Linus Diseli, Mkenya, ana teksi, na haamini kitu chochote kisichokuwa na injini. Ramesh mwenyewe, mzaliwa wa Mombasa, wamempa jina la Risiti, kwa sababu hata umwambie mvua inanyesha atataka uthibitisho. Wa nne alikuwa Jaffar Miguu, Mpemba wa Wete, na ndiye aliyekuwa akija na chupa ya kahawa. Jaffar alilala usiku mmoja, hakuamka. Arobaini yake imesomwa juzi tu, na leo kahawa kaichemsha Ramesh.

— Hii kahawa imeungua, alisema Linus.

— Haikuungua, alisema Ramesh. Mkono tu. Mkono wa Jaffar ulikuwa mwingine.

— Ndio nasema imeungua.

Mansour alikunywa tu. Kahawa ilikuwa imeungua kweli, lakini hakuwa na moyo wa kubishana, kwani nafasi ya Jaffar pale mwisho wa benchi ilikuwa bado tupu na hakuna aliyethubutu kuikalia. Hata Linus mfuko wake wa mboga alikuwa ameuweka chini.

— Mimi bado najiuliza, alisema Linus. Huyo mzee alikuwa anafuata nini huko Arundel?

Hilo ndilo lililokuwa likiwasumbua. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi Jaffar alikuwa akivaa buti zake, akipanda treni mpaka Arundel, mji mdogo kule Sussex wenye ngome ya kale juu ya kilima na mto unaopita chini yake. Akishuka stesheni anakwenda kwa miguu kutwa nzima, mtoni, vilimani, mashambani, na jioni anarudi na treni, tope mpaka magotini, uso umemnawiri. Gari hataki kulisikia. Linus aliwahi kujitolea kumpeleka bure, naye akamjibu, "Yakhe, na gari lako tutaishia kutafuta pa kuegesha."

— Mwanamke, alisema Linus. Msiniangalie hivyo. Mtu mzima hawezi kupanda treni kwenda kuangalia mawe.

— Una uthibitisho? aliuliza Ramesh.

— Alikuwa ananyoa ndevu siku moja kabla.

— Alikuwa ananyoa Ijumaa, alisema Mansour. Kwa ajili ya msikiti.

— Basi huyo mama ana bahati, anapata mtu ameshanyolewa.

Ramesh alitikisa kichwa. Yeye alikuwa na lake, na alikuwa amelitunza tangu mazishi.

— Mimi nakwambieni, ilikuwa kazi. Ngome kubwa kama ile inataka mlinzi. Huyu alikuwa akizunguka nje, kimyakimya, wezi wasijue. Ndiyo maana hakutaka gari. Mlinzi wa siri akija na teksi si siri tena.

— Mlinzi wa mara moja kwa mwezi? aliuliza Linus.

— Wezi wenyewe hawajui ni siku gani.

Linus alifikiri kidogo, akaona hilo ni zuri kuliko lake, na hakupenda. Akasogea mbele.

— Sawa, ngome. Lakini si ulinzi. Fikirieni vizuri. Jaffar ametoka visiwani. Visiwani kulikuwa na sultani. Sultani akiondoka anaacha vitu. Sasa vitu vya sultani unaviweka wapi Uingereza? Si kwenye nyumba ya kupanga Ilford. Unaviweka ndani ya ngome, chini, kwenye sanduku. Na lazima kuwe na mtu mmoja mnyamavu, mtu hakuna anayemshuku, anaenda kila mwezi kuhakikisha sanduku liko.

— Kwa miguu, alisema Ramesh, ambaye sasa alikuwa ameanza kuamini.

— Kwa miguu. Gari lina namba. Kamera zinanasa namba. Miguu haina namba.

Mansour alicheka, na kicheko kikamkatikia njiani. Kwa kawaida hapo ndipo Jaffar mwenyewe angewamiminia kahawa nyingine na kuwaambia ongezeni uongo, huo haujaiva.

— Alinambia miye sababu, alisema. Alinambia mto wa huko unajaa na kupwa, kama bahari ya kwao. Asubuhi maji mengi, baadaye unaona tope tupu. Alikuwa akipenda kukaa kuutazama.

— Mto haupwi, alisema Linus.

— Ndivyo alivyonambia.

— Basi hapo ndipo unajua alikuwa anaficha kitu.

Mansour hakujua kama mto hupwa au haupwi, na hilo ndilo lililomuuma. Kila Ijumaa ya kuamkia safari simu yake ilikuwa ikilia baada ya magharibi. "Breki, kesho twende, yakhe. Hewa nzuri." Naye alikuwa akijibu, "Inshaallah, Jumamosi ijayo." Jaffar akimaliza kwake anampigia Linus, kisha Ramesh, na wote walimpa jibu hilohilo. Barazani kwao hukumkatalia mtu usoni. Ulimwambia inshaallah Jumamosi ijayo, yeye akaelewa, mkaagana kwa heshima, na hakuna aliyevunjika. Mansour alikuwa akiamini hivyo kabisa, kwamba hakuna aliyevunjika.

Na kwa nini hasa hakwenda? Magoti, alikuwa akisema. Ukweli ni kwamba aliona haya. Utotoni alikwenda shule kwa miguu kwa kukosa nauli, ukubwani akapewa basi zima la kuendesha, na hakuona kwa nini mtu aliyeokoka na kutembea arudi kutembea kwa hiari yake, tena mbele ya Wazungu. Linus alikuwa na fikra hiyohiyo na alikuwa akiisema kwa sauti: ati tumekuja Landani ili tutembee? Walikuwa wakicheka sana kwa maneno hayo. Jaffar naye alikuwa akicheka.

— Mimi nasema tuulize pale ngomeni, alisema Ramesh. Kwa adabu. Kama kuna sanduku.

— Nawapeleka mimi, alisema Linus. Na gari.

Hapo Ibtisam akatokea kona ya duka. Ni binti wa Jaffar, nesi, kazaliwa hapahapa, na siku zote ukimsemesha Kiswahili anakuelewa na kukujibu kwa Kiingereza. Mgongoni alikuwa na mkoba wa kijani wa baba yake. Mansour aliutambua kabla ya kumtambua mwenye kuubeba.

— Shikamooni, alisema, na leo hakuwa na haraka ya kurudi kwenye Kiingereza. Ami Mansour. Anko Linus. Anko Ramesh.

— Marahaba, mwanangu, alisema Mansour. Mama yako hajambo?

— Hajambo, anawasalimu. Nimekuja kuwashukuru. Nilitaka kuja zamani, lakini nilikuwa siko vizuri, I mean, nilikuwa nalia tu.

— Kutushukuru kwa nini? aliuliza Linus.

— Kwa Arundel. Kwa kwenda naye.

Wote watatu waliinamisha macho. Ibtisam alidhani ni huzuni, akaendelea kwa upole.

— Mama alikuwa na wasiwasi na moyo wake. Alikuwa anamkataza kutembea peke yake. Baba akasema, sipo peke yangu, niko na baraza zima. Akirudi anatuhadithia. Ami Mansour amelalamika magoti mpaka juu ya kilima. Anko Linus amegombana na ng'ombe. Anko Ramesh anataka kuona risiti ya ngome. Tulikuwa tunacheka, yaani, mimi na mama tunamsubiri mlangoni tusikie leo mmefanya nini.

Aliuvua mkoba, akaufungua juu ya benchi, palepale pa baba yake, akatoa vikombe vya kahawa vilivyofungwa katika gazeti. Vinne. Ramesh alivitambua, kwa sababu vilitoka kwenye rafu yake. Kimoja kilikuwa na alama ya kahawa ndani, ile isiyotoka hata ukisugua. Vitatu vilikuwa vyeupe pe, na vibandiko vya duka viko chini.

Mansour aliona vibandiko. Alimwona Linus naye ameviona. Akilini akamwona Jaffar amekaa mahali fulani kando ya maji, akimimina kikombe kimoja na kutunga maneno watakayoyasema wengine.

— Leo nakwenda, alisema Ibtisam. Nataka kupita njia yenu ileile. Mpaka stesheni ya Arundel najua, na ramani nimeiona, kutoka stesheni unakwenda mpaka darajani. Hapo ndipo sijui, njia ni nyingi. Mkifika darajani, mnavuka, au mnafuata mto upande wa huku?

Ramesh aliinuka akaingia dukani, ingawa hapakuwa na mteja. Linus alilitazama gari lake lililoegeshwa ng'ambo ya barabara. Mansour aliichukua chupa ili angalau ammiminie mtoto wa watu kahawa, akainamisha, na kilichotoka ni machicha.

Akafungua mdomo. Neno lililomjia ulimini lilikuwa lilelile, inshaallah Jumamosi ijayo, akalimeza.

Ibtisam alisogeza vikombe, akakaa pale alipokuwa akikaa baba yake, akawa anasubiri aambiwe njia.