Tuliogopa Geti, Ukuta Ukanivunja Goti

Bwana asifiwe! Hapo nyuma sijawasikia. Bwana asifiwe! Mimi ni Kocha Munyoki wa hapa Migwani, nimeokoka, na hata mkininyima maikrofoni leo nitapiga kelele tu hivi hivi, maana nimejaa!

Ndugu zangu, mnanijua nikichechemea. Wengi hamkuniona nikikimbia. Nilikuwa winga, nalipwa mshahara wa mpira kule Nairobi. Redio ikitaja jina langu, mama yangu anaacha githeri iungue jikoni! Lakini timu yetu ilikuwa na woga. Mechi kubwa hatukuingia uwanjani kwa geti, ati wapinzani wamezika dawa ya mganga hapo chini. Tulikuwa tunapanda ukuta, wanaume wazima na mabegi! Siku moja nikaruka, nikaangukia jiwe, kano ya goti ikakatika. Mpira ukaisha hapo. Dawa haikunigusa, ndugu zangu. Woga wa dawa ndio ulinimaliza!

Nikarudi nyumbani, nikawa mtu wa kulala nikiangalia mabati. Mpira ukitangazwa, nazima redio. Mchungaji wetu alikuja akaniombea, nikaokoka, akanipa vijana wa kanisa niwafundishe mpira. Nikaanza kucheka tena! Lakini geti la uwanja? Aii, hilo bado nililiogopa.

Sasa, mwaka huu tukafika fainali kule Mukuyuni. Kushuka tu kwa gari, vijana wakasimama. Kapteni wetu, Mutua, akaniambia, "Kocha, hapo getini kumemwagwa majivu. Sisi hatupiti."

Kugeuka, ameshaweka mguu juu ya ukuta! Nikaliona goti langu likivunjika tena. Nikapiga kelele, "Mutua, shuka! Shuka kwa jina la Yesu!"

"Basi nani atatangulia?" akauliza.

Ndugu zangu, ilikuwa zamu yangu! Nikamwita Yesu kwa sauti mpaka wauza chapati wakageuka, nikayakanyaga yale majivu na huu mguu mbovu. Hakuna kitu! Majivu ni majivu! Nikaruka-ruka hapo juu yake nikiimba, vijana wakaingia nyuma yangu, Mutua amefunga macho.

Tulishinda? Wapi! Tulifungwa mbili bila. Shabiki mmoja akacheka, "Si mliambiwa msikanyage dawa?"

Nikamjibu, "Tumefungwa kwa sababu beki wetu alilala, na kesho atakimbia mpaka alie!" Na vijana wakarudi nyumbani na magoti yote mazima.

Wiki iliyofuata tukacheza mechi ya kirafiki kule Makindu. Nikabaki nyuma nikitoa mipira kwa gari. Kuinua macho, vijana wameshapita getini wakiimba, Mutua mbele, hakuna hata mmoja anayeangalia chini! Nililia hapo barabarani, na sikuona haya.

Asante Yesu! Na wewe unayezunguka mbali kwa sababu ya maneno ya watu, njoo hapa mbele sasa hivi. Nitakushika mkono tupite pamoja. Polepole tu, maana mimi nachechemea.