Kaltumu, Aliyeswali Mpakani

Kwa Mwenyezi Mungu tulitoka, na kwake leo amerudi dada yetu. Ndugu waombolezaji, mimi ni Twahir, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake.

Marehemu Kaltumu alizaliwa tarehe 14 Machi 1983 huko Kasulu, Tanzania, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Mudathiru, fundi cherehani, na mama Nyiraneza, ambao ndio hawa walioketi mbele yenu. Alianza shule hukohuko Kasulu, na mwaka 1996 tuliporudi Rwanda akaendelea hapa Gisenyi hadi mwaka 2002, na ni katika shule hiyo wenzake walimkuta akiswali nyuma ya darasa, wakamwigiza, wakiinama na kuinuka huku wakicheka, na tangu hapo hakuswali tena penye macho ya watu.

Mwaka 2004 alianza kuuza vitenge kati ya Gisenyi na Goma, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, akivuka asubuhi na kurudi jioni, adhuhuri na alasiri zikimpita sokoni, akizilipa nyumbani mlango ukiwa umefungwa, na mara nyingi alilia akisema anawaogopa watu kuliko anavyomwogopa Mungu.

Tarehe 12 Agosti 2005 aliolewa na shemeji yetu Kadiri, dereva, wakaishi Rugerero, wakajaliwa watoto wawili, Shyaka mwaka 2006 na Mutoni mwaka 2010.

Shyaka alikuwa akijifunza ufundi wa magari Goma vita vilipoingia huko, na Jumapili, tarehe 26 Januari 2025, simu yake ilizimika. Jumatano iliyofuata Kaltumu alisimama mpakani tangu asubuhi, akitazama uso wa kila kijana aliyevuka, mpaka adhuhuri ikaingia, akatawadha kwa maji ya chupa, akatandika kitenge chini, mbele ya askari na umati wa waliokimbia. Drocella, mwenzake wa biashara, ambaye ni Mkatoliki na yuko nasi hapa, alikunjua kitenge kingine ili amkinge, naye akamwambia, "Toa hiyo kitenge, Drocella, acha watu waone, mi sina tena kitu ya kuogopa." Wako waliocheka, na mtu mmoja alimfokea asogee njiani, lakini alikaa katika sijida muda mrefu hata Drocella akadhani amezimia.

Shyaka hakuvuka, siku ile wala baadaye. Mpaka ulipofunguliwa tena kwa wanaokwenda Goma, dada alimtafuta kwenye kambi, hospitali na vyumba vya maiti, na kila sala iliyomkuta aliiswali palepale, stendi, sokoni kando ya meza yake, hata mlangoni pa chumba cha maiti, bila kumwomba mtu ruhusa.

Mwezi Septemba aliugua tumbo, madaktari wakakuta uvimbe uliokwisha kuenea. Alipokuwa hawezi kusimama aliswali kwenye benchi la korido, wagonjwa wakipita, na siku moja aliniuliza, "Twahir, we unafikiri ananisikia?" na bila kungoja jibu akaanza sala ya alasiri. Alifariki Alhamisi, tarehe 5 Februari 2026, akiwa amemshika mkono Mutoni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Rugerero waliopika na kulala nasi, wafanyabiashara wenzake wa pande zote mbili za mpaka, na Drocella, ambaye mwishoni ndiye aliyekuwa akimkumbusha saa za sala.

Na ninyi mliotoka Goma, kama yupo anayejua alipo Shyaka, akiwa mzima amwambie arudi nyumbani, baba yake na dada yake bado wanamngoja, na akiwa si mzima mtuonyeshe alipolala, ili naye tumswalie.

Dada Kaltumu, tumekuacha mikononi mwa Yule uliyemwita mbele ya watu wote, pumzika kwa amani.