Kompyuta ya Mangi Ndani ya Nondo

Kijiwe chetu cha Mtaa wa Mchikichi ni benchi moja la mbao na makreti mawili ya soda, mbele ya duka la cherehani la Polycarp, Mchaga wa Kibosho tunayemwita Mangi. Mimi nauza vifungo na zipu hapo pembeni, kwa hiyo nasikia kila kitu, hata nisichotaka. Mwaka huo wa 2003 kila mwenye duka Kariakoo alitaka kuagiza mzigo mwenyewe, na zamu ya Mangi ilikuwa imefika. Yeye na mkewe Severa walikuwa wameuza kiwanja chao cha Kimara, wakajumlisha na akiba ya miaka tisa, ili walete kontena lao la kwanza la cherehani kutoka Dubai. Saa sita mchana angekwenda benki kutuma hela yote kwa mkupuo, na fomu alishaijaza, iko mfuko wa shati. Lakini asubuhi hiyo kontena halikuwa habari. Habari ilikuwa kompyuta, maana juzi yake vairasi aliingia kwenye kompyuta ya steshenari ya jirani akala kadi za harusi mia tatu.

Birika, muuza kahawa wetu, alikuwa hajamaliza hata kumimina vikombe vya kwanza. Aliyeanza ni Theophil, fundi redio, anayejiita Satelaiti kwa sababu hulala na redio sikioni.

SATELAITI: Mangi, ile mashine yako iko salama kweli?

MANGI: Salama salmini! Jana nimemwita fundi wa kuchomelea. Nimeijengea kizimba cha nondo, kufuli mbili. Ufunguo mmoja ninao mimi, wa pili anao Severa. Aje sasa huyo vairasi!

Natvarlal, yaani Natu Bhai, mwenye duka la rangi ng'ambo ya barabara, akatikisa kichwa.

NATU BHAI: Nondo tupu haisaidii, bana. Mimi dukani kwangu mwaka wa thelathini huu. Mlangoni ndimu moja, pilipili saba. Umeshasikia vairasi kwangu?

MIMI: Natu Bhai, kwako hakuna kompyuta.

NATU BHAI: Umeona? Zinafanya kazi!

Mzee Boharia akakohoa. Huyu alikuwa mtunza ghala wa shirika moja la umma mpaka likauzwa, naye akapunguzwa kazini pamoja na viti. Tangu siku hiyo hajaona jambo lolote linaloendeshwa sawasawa.

BOHARIA: Nyinyi mmekosa utaratibu. Shirikani kwetu hata msumari haukuingia ghalani bila fomu nakala tatu na muhuri. Vairasi anauogopa muhuri. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndiyo maana vairasi anatembea kwenye waya.

SATELAITI: Huo muhuri utaugonga wapi mzee, kwenye kioo?

BOHARIA: Kwenye waya wa simu, pale unapoingia dukani. Akifika aukute.

SATELAITI: Mzee wangu, hujui unacheza na watu gani. Nimesikia kwenye redio za nje. Hawa vairasi hawaji wenyewe, wanafugwa! Kuna jumba huko Ulaya, wanalishwa umeme asubuhi na jioni. Wakinenepa wanaachiwa, wanapita chini ya bahari ndani ya waya, nchi hadi nchi. Huko kwao baridi, wanasinzia. Wakifika hapa Bongo wanakutana na joto, basi, wanazaana! Haba na haba hujaza kibaba!

MANGI: Ina maana ninunue feni?

SATELAITI: Feni itawasambaza!

Natu Bhai akasimama kabisa, kahawa ikamwagika kwenye kandambili zake wala hakuona.

NATU BHAI: Ngoja, ngoja! Siku ile steshenari imeugua, friza yangu nayo imegoma. Mke wangu Sudha, maziwa yake yote yamechachuka. Umeme uleule, transfoma ileile!

BOHARIA: Hata mimi, sikio hili linavuma tangu Jumatatu. Jumatatu si ndiyo nilipokea simu dukani kwa Mangi?

SATELAITI: Usituguse mzee! Kaa kule kwenye kreti!

Benchi lilitikisika kwa kelele. Wapita njia walisimama wakidhani kuna mwizi kakamatwa. Mimi mwenyewe, na akili zangu, nilisogea kidogo nisiguswe na kanzu ya Boharia. Mangi peke yake alikuwa anacheka.

MANGI: Semeni mtakavyo. Mimi kompyuta imeniletea neema. Jana jioni nafungua imeili, nakuta barua ya Gaurav wa Dubai. Kanipunguzia asilimia kumi! Kontena zima!

Tukashangilia. Gaurav ndiye aliyekuwa anamuuzia hizo cherehani, mzaliwa wa Upanga aliyehamia Dubai. Mangi akatoa karatasi mfukoni, Satelaiti akainyakua akaanza kututafsiria kwa sauti ya taarifa ya habari.

SATELAITI: “Ndugu Polycarp, mteja wetu mpendwa. Kuhusu kontena la cherehani mia nne, tumefurahi kukupunguzia asilimia kumi, iwapo utalipa kufikia kesho. Tafadhali usitumie akaunti ya zamani, inakaguliwa. Tumia hii mpya hapa chini. Simu za ofisi ni mbovu, tuwasiliane kwa imeili tu. Salamu kwa familia.”

BOHARIA: Hiyo ndiyo barua! Imenyooka. Ina mpaka salamu.

NATU BHAI: Asilimia kumi! Mangi, hiyo ni cherehani arobaini za bure!

Nikapiga makofi na mimi. Naona aibu kulisema hilo, lakini nilipiga, tena kwa nguvu. Mangi akatazama saa yake, akasema amalize kikombe kisha aende benki kabla foleni haijawa ndefu.

Hapo ndipo akaja dada mmoja mnene, tepu ya kupimia imemning'inia shingoni, jasho linamtoka. Akasema anaitwa Euphrasia, fundi wa nguo kule Buguruni.

EUPHRASIA: Shikamooni wazee. Kaka, boksi la sindano za cherehani bei gani?

MANGI: Elfu tatu.

EUPHRASIA: Nipunguzie mia tano.

MANGI: Bei ya mwisho hiyo, dada.

EUPHRASIA: Basi mia tatu tu. Nauli yangu ya kurudia.

MANGI: Dada, hapa hata mia haitoki. Nikikupunguzia wewe, mimi nani atanipunguzia?

SATELAITI: Si Dubai huyo kakupunguzia!

Tukacheka sana. Satelaiti, asiyeweza kukaa na habari tumboni, akamsomea dada barua yote, kuanzia mteja mpendwa mpaka salamu kwa familia. Dada alisikiliza kashika boksi la sindano, hacheki.

EUPHRASIA: Kaka, ulimwomba?

MANGI: Nimwombe nini?

EUPHRASIA: Akupunguzie. Mimi hapa nakulilia mia tatu, umenikazia uso. Yeye kapunguza kontena. Nani alimwomba?

Satelaiti aliigeuza ile karatasi, kana kwamba jibu liko nyuma. Boharia akatazama ndani ya kikombe chake. Miaka yote niliyouza vifungo Kariakoo sijawahi kumwona muuzaji akishusha bei kabla mnunuzi hajanuna, hajaondoka na hajaitwa arudi. Sisi sote tumezeekea kwenye kaunta, na hakuna aliyelifikiria hilo.

NATU BHAI: Mangi, sema. Uliomba?

MANGI: Mwezi wa pili niliomba. Alikataa. Alinicheka.

NATU BHAI: Gaurav namjua tangu mtoto, bana. Yule hata mama yake alimuuzia pasi kwa bei ya rejareja.

MANGI: Lakini... jina langu analijua. Idadi ya cherehani anaijua.

EUPHRASIA: Mpigie.

MANGI: Simu zao mbovu. Si wameandika?

EUPHRASIA: Za ofisi. Yeye mkononi hana simu?

Mangi akapapasa mifuko, akatoa simu. Kwenye simu yake hakukuwa na salio la kupiga nje. Nikakwangua vocha yangu mwenyewe ya elfu tano, nikamwingizia. Akatafuta nambari kwenye daftari lake la zamani, akapiga, na sisi tukakusanya masikio kwenye kile kisimu mpaka Birika akatukanyaga.

Iliita mara nne.

GAURAV: Mangi! Vipi, hela unatuma leo?

MANGI: Bwana Gaurav, hili punguzo...

GAURAV: Punguzo gani? Tangu lini mimi nikapunguza?

MANGI: Umeniandikia jana. Na akaunti mpya.

GAURAV: Mimi? Akaunti yangu ni ileile tangu nimekuja huku! Umetuma?

MANGI: Bado.

GAURAV: Usitume! Usitume hata senti! Kuna mtu anasoma barua zetu. Sikia, badilisha paswedi yako sasa hivi, tena kwa kompyuta nyingine. Na barua yoyote inayotaja hela, nipigie kwanza. Nambari hii unayoijua, siyo ya kwenye ba...

Vocha ikaisha.

Mangi akakaa kwenye kreti. Nyuma yake mlango wa duka ulikuwa wazi, na ndani kompyuta imekaa kizimbani mwake, nondo zimepakwa rangi mpya, kufuli zote mbili zimefungwa. Alitoa ile fomu ya benki mfukoni akaichana vipande vidogovidogo, akavishika mkononi asijue avitupe wapi.

MANGI: Kiwanja cha Severa. Ningemwambia nini Severa?

Machozi yakamtoka mbele yetu, mtu mzima, naye hakuyafuta.

SATELAITI: Mimi ile sehemu ya simu mbovu niliitilia shaka tangu mwanzo.

BOHARIA: Nyamaza.

Mangi akainuka, akajipangusa uso kwa mkono wa shati, akamgeukia Euphrasia.

MANGI: Dada, hizo sindano chukua. Na boksi lingine hili hapa. Chukua bure.

Euphrasia akayarudisha maboksi yote mawili juu ya kaunta, akarudi nyuma hatua moja, macho kwa Mangi.

EUPHRASIA: Bure sijaomba, kaka. Nimeomba mia tatu.