Mwalimu Elias Salomons (1944–2024), Aliyelitafutia Neno "Bendera" Ukoo Wake

Tunamshukuru Mungu kwa maisha ya baba yetu, Mwalimu Elias Salomons, aliyezaliwa tarehe 12 Machi 1944 hapa Kampung Tugu, Jakarta Kaskazini, mtoto wa tatu wa Mzee Yakob, fundi wa magitaa, na Bi Lusia.

Alisoma Tugu, kisha Koja, ambako wenzake walimwita "makombo ya Mholanzi" kwa ajili ya jina lake na kanisa lake. Hakurusha ngumi. Alipofika chuo cha ualimu Rawamangun, aliandika tasnifu juu ya asili ya neno la Kiindonesia bendera, akaonyesha kwamba si la Mholanzi bali ni la Kireno, lugha waliyoizungumza mababu zetu, mateka walioletwa kutoka makazi ya Wareno ya Bengali na Koromandeli, huko India.

Tarehe 17 Juni 1972 alifunga ndoa na mama yetu, Bi Dorothea, katika kanisa hili.

Alifundisha shule ya Cilincing tangu mwaka 1970. Siku ya Uhuru ya mwaka 1976, mwalimu mkuu mpya, Pak Wiryono, yaani Bwana Wiryono, alimpokonya kamba ya mlingoti mbele ya wanafunzi.

"Sogea pembeni wewe. Makombo ya Mholanzi hayapandishi bendera yetu."

"Kamba chukua, Pak," Baba alijibu. "Ila hilo neno bendera ulilosema sasa hivi, umeliazima kwa bibi yangu."

Lile lilikuwa tusi, wala sitaliita utani kwa kuwa tuko msibani. Watu walioutolea jasho udongo huu kwa zaidi ya miaka mia tatu si makombo ya mtu.

Mama alimuuliza jioni ile, "Haya, ukifukuzwa, tutakula asili ya maneno?" Baba akaomba aongezewe samaki.

Januari iliyofuata, Jumapili tunayopakana poda usoni ili kusameheana, Pak Wiryono aliingia uani kwetu bila kualikwa.

"Nimeisoma tasnifu yako, Salomons. Nipake."

"Fumba macho basi, Pak. Wewe unahitaji kopo zima."

Siku ya pili, Jumatatu, kamba ilirudi mkononi mwa Baba, ikakaa humo hadi alipostaafu mwaka 2004.

Figo zilimsumbua tangu mwaka 2021. Tunawashukuru wauguzi na majirani waliompeleka kusafishwa damu bila kuchoka. Alifariki Ijumaa, tarehe 5 Januari 2024. Jana, Jumapili ya poda, Pak Wiryono alisukumwa kwenye kiti chake cha magurudumu hadi penye jeneza, akampaka Baba poda shavuni. Tunamshukuru naye.

Ameacha mjane, watoto watatu, yaani mimi Rebeka, Herman na Klara, na wajukuu watano. Leo Jumatatu, kabla hatujalibeba jeneza, watoto wa Cilincing walikwisha kupandisha bendera, wakalitamka neno la bibi yake.

Alale kwa amani katika udongo huu, ulio wake.