Kiuno cha Mlinzi wa Mpunga

Pantoni ilipoanza kuvuka Rufiji, mzee mmoja aliketi juu ya godoro jipya la sponji, mojawapo ya haya yaliyojaa madukani Kibiti tangu biashara huria iruhusiwe, akalalamikia kiuno. Mama mwenye pakacha la kamba wakavu akamuuliza kama analala.

"Nilale saa ngapi? Nalinda mpunga usiku kucha, juu ya dungu la miti shambani. Na nikisinzia, kiuno kinaniamsha."

"Mwili usiolala hauvumilii maumivu, baba. Kalale nyumbani siku tatu."

"Na nguruwe nao walale?"

"Kwani ukikesha unawafukuza?"

Mzee akajicheka. "Mwoga mimi nilijenga dungu refu ili wasinifikie. Sasa kwa kiuno hiki nikipanda sishuki. Wao wanakula mpunga, mimi nawatukana kutoka juu."

Abiria wakacheka. Mimi sikucheka sana. Nilikuwa nimekesha usiku uliotangulia nikisoma, na sasa nilikuwa nimeegemea chuma cha pantoni, daftari mkononi, kama mja mzito.

"Lakini huo mpunga ndio chakula cha wanangu mwaka mzima," mzee akasema, bila kicheko.

"Na ukishindwa kuinama, nani atauvuna?"

Mzee akanigeukia. "Binti, wewe umesoma. Tutibu kiuno kwanza, au usingizi?"

Nikafunua daftari langu la stashahada.

Pantoni ikagusa ukingo. Mzee akainama kubeba godoro, akabaki hapohapo alipoinamia. Mama akalitwaa, akajitwika.

"Haya, nionyeshe njia ya nyumbani kwako."

Mzee, mkono kiunoni, akanyoosha kidole kuelekea shambani.