Bi Arlene Vossberg na Kadi Yake ya Njano

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Bi Arlene Vossberg anafunga dirisha la ofisi ya safari ya kampuni ya Malori ya Pruett, hapa Fort Wayne, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Uongozi umeniomba niandike maneno machache ya heshima. Heshima nitatoa. Uchache siahidi.

Aliajiriwa Juni 1994 kupokea simu na kupanga safari. Hakuna aliyemtuma ashughulike na bastola zetu. Lakini madereva wa hapa, karibu wote, hubeba bastola chini ya koti, kwa kibali halali, maana tunalala ndani ya malori kwenye viwanja tusivyovijua. Jimbo moja linakiheshimu kibali hicho, la pili linakikubali kwa masharti, la tatu linakiona karatasi tu na mwenyewe unaishia rumande. Tena sheria zenyewe hazitulii. Unaweza kuondoka Jumatatu ukiwa raia mwema, ukarudi Ijumaa kwa njia ileile ukiwa mhalifu. Bi Arlene aliliona hilo mapema, akajitwika kazi isiyo na mshahara.

Kila Jumatatu asubuhi alipiga simu jimbo kwa jimbo kuuliza kilichobadilika, kisha akapaka rangi ramani yake ya ukutani: kijani pita, njano kuna masharti, nyekundu usithubutu. Halafu aliandika kadi ya njano kwa kila safari. Hukupewa funguo za lori mpaka uisome kadi kwa sauti pale dirishani, wenzako wakisikia: wapi umwambie askari mara moja kwamba umebeba, wapi usubiri akuulize, wapi bastola isiingie kabisa. Ukiwa na safari nyekundu, bastola ilibaki kwenye sefu yake, imefungwa kikaratasi chenye jina lako, kama koti la mtoto wa chekechea.

Tulimcheka sana. Royce Hubbard, mkongwe wetu wa barabarani, aligoma siku moja. "Bi Arlene, mimi kusoma najua, sitaki mwalimu."

"Kama unajua, soma basi," akamjibu. "Lori halina haraka."

Royce alisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alinung'unika tu.

Mwaka 2022, jimbo letu lilipoondoa ulazima wa kibali, tulishangilia, na wengine tukaapa hatutahuisha vibali vyetu tena. Alitutolea macho. "Nyie mlidhani kibali ni cha hapa? Hapa hamkihitaji. Ni cha huko mnakokwenda." Wiki ileile tulipanga foleni ya vibali. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hajawahi kumiliki bastola. "Hayo machuma yenu siyapendi," husema. "Napenda mrudi."

Sasa niseme lile ambalo uongozi ungependa niliruke.

Februari 2011, dereva wetu mmoja alikuwa Pennsylvania na tela la vipuri vya friji. Kibali chake kilikubalika huko, na bastola ilikuwa kiunoni. Saa saba mchana meneja wa wakati huo, Bwana Kessinger, akabadili safari: mzigo uende New Jersey, mteja anautaka kabla ya jioni. New Jersey hawakitambui kibali cha kwetu, na kukamatwa huko na bastola ni kesi ya jela. Dereva alifurahia maili za ziada, maana hulipwa kwa maili, akawasha injini. Kadi ya safari hiyo mpya hakuwa nayo. Bi Arlene akampigia simu.

"Zima hilo lori. Kunywa kahawa. Mpaka huo usiuvuke hata kwa miguu."

Kessinger akaja dirishani uso umemwiva. "Arlene, bosi hapa nani?"

"Wewe. Kwa hiyo andika hapa kwamba umemwamuru avuke na bastola, halafu tia saini."

Akamsukumia kadi tupu na kalamu. Kessinger aliitazama ile kalamu, hakuigusa. Mzigo ukasubiri hadi kesho yake, Royce alipopita pale, bastola yake ikiwa imelala kwenye sefu huku Fort Wayne, wakabadilishana tela. Mteja alilalamika. Bi Arlene akapewa barua ya onyo kwa kuvuruga shughuli za kampuni. Aliitia kwenye fremu, akaitundika kando ya ramani, na wageni wengi hudhani ni cheti cha pongezi.

Dereva yule ni mimi. Mke wangu alikuwa amebakiza wiki tatu kujifungua. Binti yetu sasa ana miaka kumi na minne, na hajawahi kuongea na baba yake kupitia kioo cha gereza.

Tumeambiwa kuanzia Jumatatu tutatumia programu ya simu badala ya kadi, na ukuta ule utapakwa rangi upya. Programu ni nzuri, nimeijaribu. Ila haiwezi kukunyima funguo. Kwa hiyo sisi madereva ishirini na wawili tumeamua: ramani haitoki, kadi zitasomwa dirishani, na barua ya onyo inabaki palepale. Jana tuliitoa kwenye fremu, tukatia saini zetu chini ya jina lake, Royce akitangulia. Kama lile lilikuwa kosa, basi tumeonywa sote.

Bi Arlene, asante kwa funguo zote ulizotunyima. Tunajua mumeo Walt ameshaliosha gari la safari, mkayaone majimbo uliyoyafahamu kwa simu tu. Heri na afya viwe nanyi kila mtakakolala. Lakini funguo za gari hilo tunazo sisi. Njoo dirishani usome kadi yako kwa sauti, wenzako wakisikia. Imeandikwa: majimbo yote kijani, rudi.

Garland Tackett, lori namba 17